Kiapo cha Pandu na Vita vya Watu

Pandu wa Nyange alijaaliwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa muadhini wa msikiti wa Mkungumani, kijiji kilichojificha nyuma ya Mgogoni, kaskazini ya Pemba, na watu walikuwa wakisema kwamba Pandu akiadhini alfajiri hata mwenye homa hujikongoja. Hakuwa shehe. Kitabu alichokisoma kilikuwa kimoja, na hicho pia hakukimaliza. Alikuwa mkulima wa muhogo na mpunga, mchumaji wa karafuu za watu msimu ukifika, mtu wa maneno mengi na hasira za karibu, ambaye aliweza kugombana na mbuzi wake asubuhi nzima na mbuzi akashinda.

Mkewe, Mwanapili, alisema kidogo, na akishasema basi limekwisha. Walizaa watoto watano, wakazika wanne wachanga, akabaki mmoja, Kauthar. Mwanapili hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwita Baba Kauthar, akiwa na furaha, akiwa na kisirani, hata akimtikisa alfajiri aamke akaadhini.

Sasa nikwambie jinsi mtu mzima na akili zake anavyoweza kujifungia nje ya nyumba ya mwanawe kwa sentensi moja.

Mkungumani ina pande mbili. Iko Juu, penye msikiti wa zamani, na iko Bondeni, ng'ambo ya kijito cha mashamba ya mpunga, na katikati pamelazwa gogo la mnazi la kuvukia. Ni karibu hivyo kwamba mtu akipiga chafya Bondeni, aliye Juu anamwombea rehema. Walikuwa kitu kimoja mpaka ulipokuja uchaguzi ule wa marudio. Wengi wa Juu wakaenda kupiga kura, wa Bondeni wakasusa. Maneno yakaanzia barazani, yakaingia dukani, yakaingia mpaka matangani, watu wakawa wanaulizana marehemu alikuwa wa wapi kabla hawajatia bega kwenye jeneza. Mwisho watu wa Bondeni, wakiongozwa na Mzee Mjaka, wakajitenga moja kwa moja. Wakajenga msikiti wao wa matofali, wakafyeka makaburi yao, wakaafikiana kwamba asiyeweza kuwasusa watu wa Juu na ahamie huko huko.

Siku walipokuja kuchukua nusu ya majamvi walitaka na jeneza, wakidai mbao zilikuwa zao. Pandu alikuwa amesimama mlangoni na kipaza sauti mkononi, maana ilikuwa karibu na adhuhuri. Damu ikampanda kichwani. Akasema, na kijiji kizima kikasikia mpaka mwisho wa mashamba, "Mke wangu Mwanapili ana talaka zake tatu nikikanyaga Bondeni kabla Bondeni hawajarudi kuswali nyuma ya mihrabu ino!"

Wanaume wa kwetu wana ugonjwa huu wa kuapia talaka. Mbuzi kala muhogo, talaka. Jirani kasogeza mpaka, talaka. Mke yuko jikoni anakuna nazi, hana habari kwamba ndoa yake imeshawekwa rehani kwa mkia wa mbuzi. Mwanapili alikuwa uani anatwanga. Alipoisikia sauti ya mumewe inamtaja jina juu ya paa la msikiti, aliuweka mchi chini, akakaa kitako. Jioni alipakua chakula kama kawaida.

Wakati huo Kauthar alikuwa na miaka miwili tangu kuolewa Bondeni, na mumewe alikuwa fundi cherehani aitwaye Ashraf, kijana mpole asiyekuwa na ugomvi na mtu. Pandu aliposhuka hasira, siku ya tatu yake, ndipo alipokumbuka kwamba binti yake anaishi mahali alipojiharamishia kutia mguu.

Miaka saba ikapita namna hiyo. Pandu alifunga kitambaa chekundu katikati ya lile gogo, ajue Bondeni inaanzia wapi asije akateleza kwa bahati mbaya. Baba akisimama upande huu wa kitambaa, mwana upande ule, maana Bondeni hawakumruhusu kuvuka, wakiulizana hali. Alimpelekea mashelisheli kwa kumrushia. Mwanapili, ambaye kiapo hakikumfunga miguu, alivuka na kurudi atakavyo, na watu wa Bondeni walimwacha apite kwa kuwa mama ni mama. Kauthar alikuwa na desturi ya kucheka na kusema kwamba yeye ndiye mtu pekee Pemba aliye na baba wa ng'ambo.

Kisha Kauthar akaugua figo. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena, na mwezi wa Shaabani madaktari wakasema arudi nyumbani akapumzike. Kila mtu anajua maana ya neno hilo likisemwa na daktari. Ramadhani ilipoingia hakuweza tena kuinuka. Kumbeba mpaka kijitoni kulijaribiwa mara moja, akazimia kabla hajatoka mlangoni. Kila siku Mwanapili alivuka asubuhi, akarudi magharibi, na kila siku Pandu alikuwa akimngoja penye gogo. Swali lake lilikuwa moja, na jibu lilikuwa moja. Amekuulizia.

Mwalimu wa msikiti wa Bondeni alipeleka salamu kwamba kiapo kama kile ni kafara tu, Pandu alishe maskini kumi na aende kwa mwanawe. Pandu alitaka kulishika neno hilo kwa mikono miwili. Shehe Hamdan, imamu wa Juu, akamwambia kwamba wapo wanaosema hivyo, lakini wao walivyosomeshwa tangu kwa babu zao talaka iliyotundikwa kwa sharti, sharti likitimia imeanguka. Pandu akarudi kwa mkewe. Mwanapili akamjibu kwamba ana miaka sitini na moja, hatoanza leo kuishi na mwanamume kwa shaka.

Kwa hivyo ilibaki njia moja tu. Bondeni warudi. Hata kwa swala moja, rakaa mbili, nyuma ya mihrabu ile. Hapo kiapo kingekufa chenyewe, na Pandu angevuka gogo akiwa na mke wake na mwanawe wote wawili. Lakini utawarudishaje watu walioapa kususa mpaka maiti?

Jibu lilikuja redioni. Zikiwa zimebaki siku chache Ramadhani kwisha, vita vikaripuka Sudan. Mkungumani ilikuwa na vijana wawili waliokwenda kusoma huko: Hudhaifa, mtoto wa Shehe Hamdan wa Juu, na Jabir, mtoto wa Mzee Mjaka wa Bondeni. Walisoma chuo kimoja cha Kurani hapo hapo msikitini, wakapigwa bakora moja, na baba zao hawakuwa wakiamkiana. Pandu aliposikia Khartoum inaungua, kitu cha mwanzo alichokihisi, Mungu amsamehe, kilikuwa furaha.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini wakati wa vita vya Kagera. Aliwakumbuka wazee wa Wingwi waliogombea mpaka wa shamba mwaka mzima, wasitazamane, na siku vita vilipotangazwa wakakaa mkeka mmoja mbele ya redio moja, mmoja akimshikia mwenziwe betri juani zipate nguvu. Hakuna aliyewapatanisha. Hofu ya mbali iliwafanya wasahau. Pandu akasema moyoni, basi na hii hapa nimeletewa.

Alimwendea Shehe Hamdan, akamshauri pasomwe dua ya kunuti ya pamoja kwa ajili ya vijana wote wawili, Juu na Bondeni, msikiti wa zamani. Shehe, ambaye macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa habari za mwanawe, akasema yeye hana tatizo, wakija waje. Mwanapili akalipeleka neno ng'ambo. Mzee Mjaka akajibu kwamba kila msikiti unamwombea kijana wake na Mungu ni mmoja, anasikia kotekote. Wakibembelezwa sana, basi wakutane uwanja wa skuli.

Uwanja wa skuli una magoli mawili na vinyesi vya ng'ombe. Hauna mihrabu. Pandu alikaa na jibu hilo usiku kucha, na siku ya pili yake Mwanapili akarudi kutoka Bondeni akamwambia kwamba Kauthar amevimba miguu mpaka magotini. Ilikuwa Jumatano. Baada ya laasiri watu walipotoka, Pandu akarudi ndani ya msikiti, akawasha kipaza sauti.

Sauti ile, kwa miaka thelathini na minane, haikuwahi kutoa neno la uongo. Ilitangaza swala, misiba na miezi. Siku hiyo ilitangaza kwamba Pandu amepigiwa simu kutoka Khartoum, kwamba Hudhaifa na Jabir wamejificha chumba kimoja, risasi zinapita dirishani, na kwamba wameshikana mikono wakawaomba wazee wao wawaswalie pamoja siku ya Ijumaa, msikiti waliosomea, wote nyuma ya mihrabu moja. Akamaliza kwa kuwataja vijana kwa majina ya baba zao, kama anavyotajwa marehemu.

Kilio kilianza Juu, nyumbani kwa Shehe Hamdan, ambako Bi Khairiya, mama yake Hudhaifa, alianguka juu ya sufuria la uji. Kikajibiwa na kilio cha Bondeni. Pandu alivisikia vyote viwili akiwa ameshika kipaza sauti kilichokwisha kuzimwa. Lakini magharibi Mwanapili alikuja na jibu la Mzee Mjaka. Ijumaa watakuja. Wote, hata walio na magongo.

Alhamisi asubuhi Pandu alifagia msikiti mara mbili. Alitandika majamvi mpaka barazani, akafuta mihrabu kwa kitambaa cha maji, akafua kanzu yake akaianika uani. Mwanapili alimtazama kwa muda mrefu akamwuliza nani hasa aliyepiga simu, maana simu yao haikuwa na moto wa chaji tangu Jumatatu. Pandu akaendelea kuinyosha kanzu kambani. Mwanapili akajitanda kanga, akashika njia ya kijitoni.

Kabla ya adhuhuri simu ya Mzee Mjaka ikalia kweli. Alikuwa Jabir. Yuko mji mwengine kabisa, mbali na mapigano, mzima, wanangojea kutolewa. Hudhaifa hajamwona tangu mwezi wa Rajabu, lakini kasikia naye ni mzima. Chumba gani? Risasi gani? Hajampigia mtu simu ila baba yake, na ndiyo kwanza mtandao umerudi.

Mzee Mjaka, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kulisogelea lile gogo, alikuja mwenyewe akasimama upande wake wa kitambaa. Pandu aliitwa akasimama upande wake. Watu walikuwa wengi pande zote mbili, na kijito kilikuwa na maji kidogo, kila neno likisikika. Pandu alitegemea matusi. Alikuwa tayari kwa matusi.

"Pandu," Mzee Mjaka akasema taratibu, "msikiti wetu kipaza sauti chake hakifiki hata kisimani. Miaka saba mimi na wanangu twafungulia saumu kwa adhana yako. Tumekususa salamu, tumekususa maziko, sauti yako hatukuisusa. Leo magharibi nifungulie kwa kitu gani?"

Mzee Mjaka akageuka akaenda zake, na watu wake wakamfuata. Huku nyuma, Shehe Hamdan alinyoosha mkono akidai funguo za msikiti. Alisema Bi Khairiya tangu jana kila akitiliwa daku anatapika, na kwamba atatafutwa mtu mwengine wa kuadhini. Pandu akafungua funguo kiunoni akampa. Jioni ile magharibi iliadhiniwa na Nyange, mtoto wa kaka yake Pandu, kwa sauti nyembamba, na watu wa Bondeni walichelewa kufungulia.

Mwanapili alirudi giza likiingia. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba Kauthar hamezi tena maji, wanamtia matone mdomoni kwa pamba, na kwamba hakumwulizia baba yake leo. Alikuwa amechoka kuuliza.

Ijumaa, jua lilipokwisha panda kidogo, Mwanapili alioga, akavaa, akatoa ukaya mweupe wa kufunika uso uliokuwa umekunjwa chini ya sanduku tangu harusi ya binti yao. Akafunga nguo zake chache katika kanga. Pandu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na miguu yake mikubwa sakafuni, akiitazama.

"Baba Kauthar," akamwambia, "inuka twende."

"Twendapi?"

"Kwa mwanao."

Pandu akamwambia haiwezekani, yeye mwenyewe anajua haiwezekani. Mwanapili akakaa kando yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana.

"Miaka saba nimekuchungia kiapo chako," akasema. "Nimekwenda mimi, nimerudi mimi, nimekubebea maneno kama punda. Kiapo ulikula weye, alokilinda ni mimi. Leo nimekiachia. Mke waweza kukaa bila yake. Yule akishatiwa kaburini, hata wakirudi Bondeni wote wakaswali mpaka kiyama, weye utavuka kwenda kwa nani?"

"N'samehe," Pandu akasema.

"Ntakusamehe. Ila sitokaa nawe kwa shaka. Inuka."

Walitembea pamoja mpaka kijitoni, bega kwa bega kama watu waendao harusini, na njia nzima Pandu alikuwa akimtazama ubavuni, shavu lake lenye kovu la moto wa mkaa, sikio lake na tundu la kipuli kisichokuwepo, akijua anavitazama kwa ruhusa ya hatua zilizobaki. Alitaka njia irefuke na alitaka ifike. Penye gogo Mwanapili akatangulia. Alipita kitambaa chekundu, akafika ng'ambo, akageuka akamngoja, uso wazi.

Pandu akatia mguu kwenye gogo. Katikati alisimama. Kitambaa kilikuwa kimepauka, kimekuwa rangi ya vumbi. Akataka kukifungua, fundo likakataa. Akakiruka.

Mguu wake ulipogusa udongo wa Bondeni, Mwanapili aliuvuta ukaya mpaka chini ya macho, akageuka, akaanza kutembea mbele. Hakumngojea tena wawe sawa. Pandu alimfuata kwa umbali wa hatua kumi, kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Watu waliokuwa mabarazani walimwona muadhini wa Juu anapita mbele ya milango yao baada ya miaka saba. Hakuna aliyemwitikia salamu, lakini hakuna aliyeinuka kumzuia. Wote walikuwa wamekisikia kile kiapo, na wote wakauona ule ukaya, na baadhi ya wanawake wakaingia ndani wakilia.

Chumba cha Kauthar kilikuwa na dirisha moja na harufu ya karafuu zilizochomwa kuficha harufu nyengine. Ashraf alimpisha. Pandu alipiga magoti, akaushika mkono wa mwanawe, ambao ulikuwa mwepesi mno kiganjani na baridi.

Kauthar alifungua macho. Ilimchukua muda kumtambua kwa karibu vile.

"Baba," akasema. "Wamerudi?"

Pandu alikuwa amekwisha kuapa njiani kwamba hatosema uongo tena maisha yake. "Wamerudi, mwanangu," akajibu. "Wote wamerudi."

Kauthar akatabasamu kidogo. Kisha macho yake yakamtafuta mama yake, yakamwona ng'ambo ya kitanda, amejitanda ukaya mpaka puani mbele ya baba yake. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwengine. Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

Siku ya pili yake ilikuwa Idi. Juu waliswali kwao na Bondeni kwao. Vita vya Sudan viliendelea kuua watu ambao Mkungumani haikuwajua majina. Baada ya siku kadhaa vijana wakarudishwa nchini pamoja na wanafunzi wengine, na siku walipotarajiwa kushuka bandarini Mkoani, Juu walikodi gari lao na Bondeni lao. Wanasema Hudhaifa na Jabir walishuka kwenye boti wameshikana mikono, wanacheka, walikutana katika ndege. Hapo gatini Mzee Mjaka na Shehe Hamdan walisimama hatua tano mbalimbali, kila mmoja akimngoja wake. Kisha kila kijana akatiwa katika gari la kwao, na magari yakafuatana vumbi moja mpaka njia panda.

Kauthar bado alikuwa hai, ikiwa ule utaitwa uhai. Mwanapili alikaa eda yake huko huko, akimuuguza. Pandu sasa hakuwa na kiapo wala adhana. Aliweza kuvuka gogo asubuhi na jioni, na alivuka, akichukua shelisheli mkononi bila ya kulirusha. Alikuwa akijifunza saa ambazo Ashraf yupo nyumbani, isije ikawa ndani hakuna mwanamume.

Jioni moja alifika mlangoni, akasimama nje kama inavyompasa mtu baki, akapiga hodi. Ile sauti. Hakuna nyumba Mkungumani, Juu wala Bondeni, isiyoijua.

"Nani?" Mwanapili akauliza kutoka ndani.

"Mie."

Alisikia kitanda kikilia, akasikia nguo ikivutwa.

"Ngoja nijitande," sauti ya Mwanapili ikasema, "kisha upite, Mzee Pandu."